Kichogo

Mashine imezimika. Umeme umekatwa Kadutu nzima
na Balagizi yuko kwenye kiti changu, kichwa nusu,
upande mmoja upara, upande mmoja msitu.
Subiri, namwambia. Anasubiri.
Komwe lake limetangulia kama kibaraza,
komwe la baba yake, aliyekuwa akinilipa kwa unga wa muhogo,
komwe la mwanawe wa tatu, ambaye
watani husema mvua ikinyesha pua yake hailowi.

Miaka kumi na tisa nanyoa.
Watu huja na majina; vidole vyangu vinajua koo.
Kina Rhubuza masikio yao yamejikunja juu
kama kurasa za daftari la mikopo.
Kwa Mama Mwamini kuna visulisuli viwili vya nywele utosini,
kimoja huzunguka kulia, kingine hukataa,
na mashine hukwama hapohapo, kwa bibi, kwa binti,
kwa kitoto cha arobaini kinacholia.
Kuna binamu wawili waliogombania shamba la Walungu
kabla udongo wa kaburi la babu haujakauka.
Jumamosi hukaa kwenye benchi langu,
kila mmoja amempa mwenzake kisogo,
na visogo vyenyewe, Mungu anisamehe, ni kisogo kimoja.

Mimi sura ni ya mama. Wote husema hivyo:
mwanya, nyusi zinazosalimiana,
hata ile tabia ya kucheka wenzangu wakishanyamaza.
Kwa hiyo nilidhani baba hakuacha kitu.
Picha alikuwa nayo moja, ya kitambulisho,
nayo ilikwenda mfukoni mwake.

Nilikuwa na miaka mitano. Alipanda Fuso ya Kamituga,
akakaa juu ya magunia ya chumvi, akatazama mbele,
maana dhahabu iko mbele.
Mama aliita. Yalikuwa manyunyu tu.
Nilichobaki nacho ni kichogo,
kimechongoka kama kitako cha yai,
na chini yake, karibu na shingo, mfereji mfupi
ambamo maji yalishuka polepole.
Kisha kona ya Panzi ikameza gari.

Akupaye kisogo si mwenzio, walisema wahenga.
Nikasema nao, miaka mingi, kwa ukali.

Juzi shule ya Akonkwa ikataka wanafunzi wote upara.
Mwanangu ana miaka kumi na miwili.
Nilikuwa nampunguza tu, kwa haraka, usiku, akisinzia;
vidole vinavyojua koo za watu
kwake vilikuwa vipofu, au vilijifanya.
Safari hii nikashika wembe, nikaanzia mbele, nikapita utosi.
Nywele zikaanguka kwenye sakafu ya saruji.
Likatokea yai.
Ukatokea mfereji.

Mama, umenikata?
Hapana.
Mbona umesimama?

Nikachota maji kwa kikombe cha plastiki,
nikayamwaga kidogo, nikatazama yanavyopita.
Yakapita palepale.
Akaruka: baridi!
Nikamwambia nimemaliza, kumbe nilikuwa sijamaliza;
alikwenda shule na kishungi kidogo nyuma ya sikio,
wakamcheka siku nzima.

Usiku huo nikajilaza kwanza, halafu nikaamka.
Nikapitisha mkono chini ya misuko ambayo sijaifumua tangu Pasaka,
nikapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Kipo.
Miaka thelathini na minane nimelala juu yake.

Sijui bado kama nimemsamehe.
Najua tu kwamba hakwenda chote.

Balagizi anakohoa. Taa imewaka,
redio ya jirani imeanza katikati ya neno.
Inamisha kichwa, namwambia.
Kidogo tena.
Hapo.